Jiwe Lililoponyoka Moto

Katika sebule nyingi za Lubumbashi kuna kisahani cha majivu ambacho hakijawahi kuona majivu. Kiko juu ya meza ndogo, kimetandikiwa kitambaa cha kufuma, na mwenye nyumba mwenyewe havuti sigara. Kazi yake ni kukaa. Ni cha malakiti, jiwe la kijani lenye mistari inayozungukana kama maji yaliyotupiwa kokoto, na mgeni akiketi tu mkono wake unakifuata wenyewe: anakinyanyua, anashangaa uzito, anakirudisha polepole. Kwetu kilikuwa na mwenzake, kisanduku cha mfuniko ambamo mama alitia pete, funguo ya kabati na risiti za shule. Nilikuwa na miaka tisa hivi nilipoacha juu ya mfuniko ule nusu ya ndimu niliyokuwa nailamba kwa chumvi, nikaenda kucheza mpira. Niliporudi palikuwa na duara lililofifia, halina mng'ao, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Nilisugua kwa shati, nikasugua kwa mate. Duara halikwenda popote.

Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba siku ile nililifanyia jiwe jaribio la maabara. Malakiti ni shaba iliyofungamana na kaboni, oksijeni na hidrojeni. Asidi ikiligusa linachemka kimyakimya na uso wake unaliwa. Ndimu, siki, jasho la kiganja, hata tako la bilauri ya soda: vyote ni maadui zake. Tena ni jiwe laini, kisu cha jikoni kinalikwaruza. Na likiwa safi, asilimia 57 hivi ya uzito wake ni shaba tupu. Hiyo 57 ndiyo iliyoujenga mji huu. Ndiyo pia inayonifanya nikistaajabie kisanduku cha mama kila nikikishika, maana katika nchi ambayo jiwe lolote la kijani linatakiwa tanuruni tangu enzi na enzi, kuna mtu aliyelitazama hili moja akaamua lisiyeyushwe.

Njia ya tanuru wenyeji waliijua kabla Mbelgiji wa kwanza hajafika. Mtama ukishavunwa, kiangazi kikiingia, watu walipanda vilimani kuokota malakiti iliyojitokeza juu ya ardhi, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta. Kilichotoka kiligeuzwa kuwa misalaba midogo ya shaba, ile ile inayofukuliwa katika makaburi ya kale kule kwenye maziwa ya Upemba, na ambayo mwaka 1960 mitatu ilichorwa kwenye bendera ya jimbo letu la Katanga lililojitenga. Askofu de Hemptinne aliandika juu ya mafundi hao mwaka 1926 akawaita wala shaba. Msiri, aliyetawala kutoka Bunkeya hadi alipouawa Desemba 20, 1891, aliuza shaba na pembe kwa misafara ya pwani, na pamoja na misafara hiyo kikaja Kiswahili, ambacho baadaye kambi za wachimbaji zilikiumba upya hata kikawa hiki chetu. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, mji ukafuata mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza kwa mawe ya Kalukuluku, mgodi ambao wakubwa waliuita Étoile. Bomba la moshi bado limesimama, na kando yake kile kilima cheusi cha mabaki ya tanuru, ambacho ukitoka mjini ukirudi ndicho kinachokuambia umefika nyumbani. Malakiti kiasi gani imepita humo, sithubutu hata kukisia.

Basi fundi wa malakiti, kwa hesabu ya mji huu, ni mtu aliyekwenda kinyume. Yeye analipokonya jiwe kutoka kwenye foleni ya kwenda motoni.

Niliyemwendea mimi ana karakana ya bati nyuma ya nyumba yake. Nilikaa naye asubuhi tatu, kwenye kiti cha plastiki ambacho miguu yake ilikuwa imegeuka kijani hadi magotini. Kila kitu pale ni kijani: maji ya beseni, kucha zake, mshono wa kola, ukuta hadi kimo cha mtu aliyeinama. Ana mota moja ya umeme inayozungusha kisahani chenye ukingo wa vumbi la almasi, na juu yake chupa ya maji iliyotobolewa kizibo, inayodondosha tone baada ya tone pale ambapo kisahani kinakutana na jiwe. Maji hayo si ya kupoza tu. Vumbi la malakiti likipaa kavu, linaingia kifuani na shaba yake. Anawakumbuka mafundi waliokata bila maji, na akiwataja anagusa kifua chake, haongezi neno.

Jiwe linapomfikia linachukiza kutazama. Ni bonge lenye vinundu kama figo zilizobanana, limevaa ganda jeusi na matope mekundu, mara lina doa la buluu la krisokola ubavuni. Mtu asiyejua angemrushia mbwa. Fundi analiloweka, analigeuza, analigonga kwa ukucha na kusikiliza kama lina uwazi ndani, kisha analiweka chini na kushughulika na jambo jingine. Asubuhi ya kwanza aligeuza bonge moja kwa muda ambao mimi ningekuwa nimeshakata matatu. Nilimuuliza, "Papa, unangoja nini?" Akajibu bila kuinua macho: "Jiwe haina na haraka, mudogo. Weye njo uko na haraka."

Alichokuwa akitafuta ni upande wa kuingilia. Malakiti hukua tabaka juu ya tabaka. Maji yaliyobeba shaba yanapenya nyufa za miamba yenye chokaa, yanaacha utando mwembamba, yanaondoka, yanarudi na utando mwingine, wa kijani kilichokolea au kilichopauka kufuatana na jinsi chembe zake zilivyojipanga. Ukikata kinundu kukatisha kichwa, unapata macho: duara ndani ya duara ndani ya duara. Ukikata kwa urefu, unapata mistari mirefu inayopinda kama njia za ng'ombe. Bonge ni lile lile. Ukikosea upande, mchoro uliotaka umekwisha kuwa unga chini ya beseni, na hapo hakuna kushona.

Kisha akakata. Kipande kilichotoka kilikuwa chembamba kama biskuti, milimita nne hivi, na mara moja akakata kingine kilichokuwa kikikilalia. Akavilaza viwili hivyo ubavu kwa ubavu, kama mtu anayefungua kitabu katikati, na mstari uliokuwa mmoja ndani ya jiwe ukawa mbawa mbili za kipepeo mezani. Alimwaga maji juu ili rangi itoke. Nilisema ni vizuri. Hakuniambia kitu, alikuwa akitazama mshono.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo nilipogundua kwamba maisha yangu yote nilikuwa nikistaajabia kitu kisicho chenyewe. Nilidhani kisanduku cha malakiti kimechongwa kutoka jiwe moja. Vipo vya namna hiyo, vidogo na vizito. Lakini sanduku lenye ukubwa wa maana, au ubao wa sataranji, au uso wa meza, ni ngozi ya jiwe iliyogandishwa juu ya kitu kingine. Bonge kubwa lisilo na ufa wala shimo ni adimu, na hata likipatikana, ukilichonga zima utamwaga beseni nusu yake. Kwa hiyo fundi anavisha. Na anayevisha lazima aunge.

Muungo wa kivivu ni wa kunyooka. Unakata vipande vya pembe nne, unavipanga kama vigae vya bafuni, unajaza gundi. Vitu vya namna hiyo vimejaa kando ya barabara, na kwa mbali vinang'aa vizuri tu, ila ukisogea unaona gridi, na ukishaiona huioni tena malakiti. Fundi wangu anafanya vingine. Anafuata mstari mweusi wa jiwe lenyewe. Penye utando wa kijani kilichoiva hadi kukaribia weusi, pale pale ndipo anapokata, kwa kupinda kama mstari unavyopinda. Kisha kipande cha jirani anakisaga ukingo wake kidogo kidogo, anakijaribu, anakitoa, anakisaga tena, hadi kikae ndani ya mpindo huo kama kiganja ndani ya kiganja. Uwazi unaobaki, mwembamba kuliko unywele, anaujaza gundi aliyoichanganya na unga wa malakiti ile ile, uliokusanywa kutoka chini ya beseni. Jicho linaona mstari mweusi na kusema, huo ni wa jiwe. "Kama unaona kole," aliniambia, kole ikiwa ndiyo gundi kwa watu wa huku, "nilishindwa kazi."

Kipande kimoja, kisichozidi upana wa vidole viwili, alikijaribu mara kumi na nne. Nilihesabu kwa sababu sikuwa na la kufanya.

Ufundi huu una ndugu zake wakubwa, wenye nguo za dhahabu. Warusi waliukamilisha katika karne ya 19 kwa malakiti ya milima ya Ural: vipande vya milimita chache, miungo inayofuata mistari, gundi yenye unga wa jiwe. Baada ya moto wa mwaka 1837 kuiteketeza Kasri ya Majira ya Baridi kule St. Petersburg, Alexander Briullov alijenga humo chumba ambacho nguzo zake zote ni za kijani, na watu wakiingia hudhani ni nguzo za jiwe zima. Ni ngozi. Kabla ya hapo, baada ya mkataba wa Tilsit wa mwaka 1807, Mfalme Alexander I alimpa Napoléon zawadi ya malakiti, na seremala mkuu wa Paris, Jacob-Desmalter, akaitengenezea fanicha ya kuibebea. Chumba ilimowekwa, katika Grand Trianon huko Versailles, hadi leo kinaitwa sebule ya malakiti. Tajiri Nikolai Demidov, ambaye ukoo wake ulimiliki migodi huko Ural, alimwagiza Pierre-Philippe Thomire wa Paris chombo kirefu kuliko mtu, malakiti juu na bronzi iliyopakwa dhahabu pembeni. Kilikamilika mwaka 1819 na sasa kiko New York. Migodi hiyo ya Ural iliishiwa. Leo mtu akinunua malakiti mpya mahali popote duniani, uwezekano mkubwa ni jiwe la huku kwetu, la Kolwezi au Likasi au Kambove.

Ufaransa ilikuwa imeanza mapema zaidi kuweka mawe kwenye fanicha, ila kwa mawe mengine. Louis XIV alipopanga karakana zake za Gobelins katika miaka ya 1660, alileta Waitaliano waliojua kazi ya mawe magumu kama ilivyofanywa Firenze, ambako akina Medici walikuwa na karakana yao tangu 1588. Akiki, yaspi, kalkedoni, majina ambayo msomaji wa Ufunuo wa Yohana anayajua: kila kipande kinakatwa kwa umbo la petali, la bawa la kasuku, la tunda la cheri, na kivuli cha tunda kinapatikana kwa kutafuta jiwe ambalo limezaliwa na kivuli hicho. Hakuna kupaka rangi. Watu wa pwani wana neno la kazi iliyo jamaa yake, njumu, ya kutia madini au pembe ndani ya mti, kama katika vile viti vya enzi vya Lamu na Pate. Seremala wa kiti cha enzi na fundi wa Gobelins wangeelewana bila mkalimani.

Katika karakana hizo Domenico Cucci alitengeneza makabati ya kifalme makubwa kama milango ya kanisa. Mawili aliyoyamaliza mwaka 1683 bado yapo, katika ngome ya Alnwick huko Uingereza. Mengi ya wenzake hayapo. Mitindo ilibadilika, na chini ya Louis XV makabati ya babu mkuu yakaonekana mazito na ya kizamani. Yakauzwa, mengine yakavunjwa. Lakini wafanyabiashara wa Paris hawakuwa wajinga. Walibandua vibao vya mawe, wakavitunza, na karibu karne moja baadaye Martin Carlin na Adam Weisweiler wakavipandikiza kwenye fanicha mpya, miguu myembamba, mti wa mpingo, kamba za bronzi. Kabati moja la droo la Carlin, ambalo lilikuwa la mwimbaji wa opera Marie-Joséphine Laguerre, limebeba matunda ya mawe yaliyochongwa kwa ajili ya ulimwengu wa bibi yake. Mti ulizeeka, mfalme alizeeka, cheri hazikuzeeka. Nikikaa kwenye kile kiti cha plastiki huwa nalifikiria hilo kabati kuliko Versailles yote, kwa sababu linaonyesha kwamba waliojua kazi walijua pia kipi cha kuokoa.

Malakiti, lazima nikiri, isingepita mtihani wa Firenze. Mawe magumu ya kweli hayakwaruziki kwa kisu. Hili letu linakwaruzika, linaogopa ndimu, na ukilitia moto linakuwa jeusi kabla halijawa kitu kingine. Chungu cha moto juu ya meza ya malakiti ni msiba. Udhaifu huo ndio unaofanya hatua ya mwisho iwe ya kutesa. Akiki unaweza kuibana na mashine. Malakiti ukiibana inapata joto na kumeguka, na kwa kuwa tabaka zake hazilingani ugumu, msasa wa haraka unakula zile laini kwanza na kuacha uso wenye mawimbi. Haionekani kwa macho. Pitisha kidole, utahisi kama unapita kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi.

Kwa hiyo anasugua kwa mkono, kwenye maji. Msasa mkali kwanza, halafu mwororo, halafu mwororo zaidi, karatasi tano au sita, na kila anapobadilisha anaosha kipande, anaosha beseni, anaosha mikono, maana chembe moja iliyobaki ya msasa wa awali itachora mstari ambao utamrudisha mwanzo. Mwisho kabisa ni kipande cha ngozi ya kiatu kilichobandikwa kwenye ubao, na unga wa kijani wa kung'arishia. Kwa dakika nyingi hakuna kinachotokea. Kipande kinabaki kama ubao wa darasani uliofutwa vibaya. Kisha, bila tangazo, dirisha linatokea ndani yake. Namaanisha dirisha la karakana, lenye vyuma vyake na kamba ya nguo iliyo nje, limelala kwenye jiwe. Fundi akaliinamisha huku na huku mpaka akauona ukingo wa bati umenyooka bila kutetemeka, ndipo akaliacha.

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa nne. Hakuwa ameinua kichwa.

Kinachoniuma ni soko. Wanunuzi wengi wanapima kitu kwa kiganja kama nyama buchani, kizito ndicho chenye thamani, na kisanduku chenye miungo isiyoonekana kinauzwa bei moja na chenye gridi, kwa sababu aliyefanikiwa kuficha kazi yake amefanikiwa kuificha hata kwa mnunuzi. Wanaopata haraka ni wachonga ndovu. Sina ugomvi na ndovu, ila malakiti si jiwe la umbo. Ni jiwe la uso, na ukilipinda kuwa mkonga na masikio mistari inakatika ovyo, inabaki kelele ya kijani. Yai ni afadhali. Yai linajua kugeuka pamoja na duara. Halafu kuna zile za plastiki, zenye mistari iliyopangwa sawasawa kama shati la mfungwa: hizo zitambue kwa shavu. Jiwe la kweli ni baridi, na linakaa baridi.

Asubuhi ya tatu nilichukua kisanduku cha mama. Nilikuwa nimekifunga kwenye taulo. Alikifungua, akanusa ndani, sijui kwa nini, akatazama bawaba, akafika kwenye duara langu la ndimu na kucheka kwa pua. Nilimwuliza kama litatoka. Aliweka ukucha kwenye ukingo wa mfuniko, pale ambapo jiwe linakutana na kinacholibeba chini yake, akanionyesha: ngozi ilikuwa imesagwa nyembamba mno, pengine milimita moja na nusu, na mtu aliyeitengeneza alijua anachofanya. Kulifuta duara kungemaanisha kushusha uso wote, na pahali pengine jiwe lingekwisha. "Hii mutu alikuwa na mukono," alisema.

Akamwaga maji juu ya mfuniko na kuupeleka kwenye mwanga. "Unaona biko ngapi?"

Nilitazama. Nilikuwa nimekitazama kisanduku kile kwa miaka zaidi ya arobaini, na jibu nililokuwa nalo lilikuwa moja. Lakini asubuhi mbili zilikuwa zimenifundisha kidogo, nikafuata mstari mweusi kutoka pembeni, nikaona unavyoishia ghafla mahali ambapo haukupaswa kuishia. Nikaona mwingine. Nikasema vipande tisa.

Aliugeuza mfuniko robo duara, akakausha kwa kidole gumba sehemu moja, maji yakabaki kwenye ufa mwembamba kama uzi wa buibui, akakausha na ya pili.

"Kumi na moja," akasema, akanirudishia taulo.